Mazoezi ya Ravneel

...hapana, haiwezi kuwa, ni miwani hii, nilijua tu nilipaswa kuifuta kabla ya kuingia, na sasa nimeivua, nimeifuta kwa pindo la blauzi, nimeivaa tena na mchoro bado ni ule ule, sikio, sikio la mtu lenye hereni, ruta, visanduku vya kuelekeza ujumbe wa mtandao, zimejipanga kwa mpindo kama ukingo wa sikio na chini kabisa inaning'inia moja peke yake, imeshikwa na waya mmoja tu, na hereni ile naijua, nimeichora kwa mkono wangu kwenye ubao wa nyumbani kwangu Suva, kule Fiji, chini ya ngazi, Jumamosi baada ya Jumamosi, nikaifuta nikaichora tena, na mtu pekee aliyekuwa amekaa nyuma yangu akitafuna dengu za kukaanga na kusema haya dada, rudia, mara hii bila kuangalia, ni Ravneel wa ofisini kwetu... "Huu ni muda wa kusoma tu," anasema msimamizi, mama wa Kiaustralia aliyetupokea mlangoni, Glenys, jina liko kifuani, "someni maswali yenu kwa utulivu, asiguse mtu kibodi mpaka niseme," sawa, siigusi, mikono yangu iko mapajani imelala kama si yangu, hebu tuliza akili Roshila, michoro ya mitandao hufanana, ruta ni ruta, ukiziunganisha kwa duara litatoka duara, ukizipinda litatoka sikio, mtihani wa ubingwa wanautunga watu na Ravneel naye ni mtu, mawazo yake na yao yanaweza kukutana, Ravneel ana kichwa, ofisi nzima inasema Ravneel ana kichwa na mimi ndiye niliyeanza kusema, soma swali la kwanza, soma polepole kama unavyosoma chupa ya dawa ya mtoto, ujumbe wa tawi la chini unafika makao makuu lakini majibu hayarudi, tafuta sababu, rekebisha, usiongeze njia ya kudumu mahali popote... usiongeze njia ya kudumu mahali popote, ee Mungu, hata sharti ni lile lile, kwa Ravneel tawi la chini lilikuwa kisiwa cha Rotuma na makao makuu Suva, hapa wameyapa namba tu, lakini ujumbe wa Rotuma ulifika Suva na majibu hayakurudi, na nilipotaka kuongeza njia ya kudumu, ile ya mkato ya kuandika mwenyewe, ili nimalize niende zangu kupika, Ravneel aligonga meza akasema, "Aa-aa dada, hiyo marufuku, sharti hilo nimeliweka makusudi nikutese," tukacheka, nilicheka mimi, nikamwona mjanja kweli, na Arvin aliporudi kutoka kazini nikamwambia mume wangu huyu kijana anatunga mazoezi kuliko vitabu, Arvin akasema basi mwambie atunge na la kukufanya ukumbuke chumvi kwenye mboga, na nikaendelea kumsifu vile vile, mboga haina chumvi na mimi namsifu.

Swali la pili, usilisome, nalisoma, simu za wodini zinakatika sauti kila data nyingi zikipita, zoezi la hospitali, la tatu, swichi mbili kila moja inajiona ndiye mkubwa wa nyumba na mtandao mzima unazunguka hapo hapo haufiki popote, hili Ravneel aliliita zoezi la mama mkwe na mkamwana, aliigiza sauti zote mbili, yule mkwe anasema jiko hili ni langu na yule mkamwana anasema na sufuria je, mpaka machozi yakanitoka kwa kucheka, na lipo hapa, Sydney, kwenye skrini ya watu ambao maswali yao yanafungiwa kuliko fedha, neno kwa neno, bila mkwe wala mkamwana, na la nne nalijua kabla sijafika, na la tano... kijana wa Auckland aliyekaa kushoto kwangu anavunja vidole, kak, kak, ananuna kwenye skrini yake kama mtu aliyeonyeshwa nyumba asiyoijua na kuambiwa kuna bomba limepasuka humu litafute, ndivyo inavyotakiwa kuwa, ndivyo ilivyokuwa kwangu mara ya kwanza, mchoro kama ngazi ambao sikuwahi kuuona duniani, na leo natazama kama mtu aliyerudi chumbani kwake, najua hata kiti kiko wapi, na hivyo ndivyo isivyotakiwa kuwa... "Dada, leo utacheka," aliniandikia asubuhi, simu iko kwenye kabati huko nje lakini maneno ninayo, "likifunguka tu cheka, halafu fanya ulivyozoea," na mimi hotelini, mkate mkononi, nikambusu kwenye kioo cha simu, nikasema angalia ndugu anavyojua kutia moyo, nilidhani anasema cheka kwa maana ya usiogope, kumbe alikuwa ananiambia, kumbe alijua ni lipi litafunguka, au alitumaini, kwa sababu mitihani hii inazungushwa, leo hii, mwezi ujao ile, basi alikuwa na mingapi, aliipata wapi, kuna watu wanauza maswali, kila mtu wa kazi hii anajua wapo, unawatafuta kwenye mtandao wanakujibu kwa jina la bandia, na sisi wawili tulishawasema, tumewasema sana, tulikaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi na chai zetu nikamwambia afadhali nifeli uzeeni kuliko kununua, yeye akasema, "Mimi dada ningeona aibu hata kujitazama kwenye kioo," alisema kioo, akapuliza chai yake, akanywa.

Alikuja kwetu hajui kichwa cha kebo na mkia, mwembamba, shati la kuazima, wa kutoka mji wa Labasa kama mimi, tukagundua shule moja, mwalimu mmoja wa hesabu mwenye kupiga chafya kabla ya kuchapa, na pale pale nikamchukua, sikuambiwa na mtu, nikampeleka kwenye minara ya mawasiliano, nikamshikia ngazi, nilipomwona anaogopa kusema hajui nikamwambia mbele ya wengine kwamba hata mimi sijui, twende tukatafute, na nilikuwa najua, nilisema hivyo ili asidharauliwe, na ilipofika siku ya rakhi, siku ya dada kumfunga kaka yake uzi mkononi, kaka yangu mwenyewe yuko Kanada hata kupiga simu ni shughuli, Ravneel akaja kwangu na sahani ya ladu, zile pipi za duara, amenyoa, akakunja mkono wa shati akaunyosha, nikamfunga, nikampaka doa jekundu kwenye paji la uso, akainama akanigusa miguu akasema, "Dada, kuanzia leo mwenye kukugusa wewe ananigusa mimi," Arvin akasema haya, nimepata shemeji, kodi ya kumwoa dada yako naomba unisamehe, tukacheka, sisi tumecheka sana, mimi maisha yangu na yule kijana ni kucheka tu, sasa natafuta katika kicheko chote kile ni wapi alipokuwa amekaa akinitazama... na Filimone, bosi wetu, aliposema kampuni itapewa kazi ya mtandao wa visiwa vya nje, zahanati, shule, bandari, lakini wateja wanataka mtu mwenye cheti cha ubingwa, atakayerudi nacho kwanza ndiye mhandisi mkuu, Ravneel ndiye aliyesimama kwanza, mkono kifuani, "Dada yangu atatangulia, mimi nitambebea begi," watu wakapiga makofi, mzee Filimone akasema hawa wawili Mungu aliwakosea tu tumbo, na tukaanza, tukanunua ruta chakavu tukazipanga chini ya ngazi kwangu, zinavuma kama nyuki, zinapasha nyumba joto, mama yangu alipokuja kutoka Labasa alidhani ni mashine ya kutotolea vifaranga, na nilisoma, nilisoma nikipika, nikianika nguo, nikimsubiri mtoto kliniki, niliacha harusi za watu, niliacha kulala, Arvin naye akajifunza kula peke yake bila kununa, na baada ya muda Ravneel akaja na karatasi zake, "Dada, vitabu hivi vinatuchelewesha, nimetunga mazoezi yangu."

Jibu lake liko wapi, nilimuuliza siku ya kwanza ya lile sikio, akasema, "Jibu nikikupa zoezi litakuwa na faida gani? Litafute wewe," na nikalitafuta, sikulipata, nikalitafuta wiki baada ya wiki, yeye akipita kuuliza vipi dada, bado, vipi dada, bado, akawa na haraka kuliko mimi na nikadhani ni hamu ya mwalimu, mpaka asubuhi moja naanika shuka, mikono juu, vibanio mdomoni, nikaona, nikaliona lote kwa mpigo mmoja, kwamba njia inatoka upande huu inaingia upande wa pili, kule inageuzwa jina, halafu inazunguka kwa mlango wa nyuma inarudi ilikotoka ikijidai ni mgeni, na ruta maskini inampokea mgeni kwa heshima inamwamini kuliko mwenyeji, ndiyo maana majibu ya Rotuma yanapotea, yanakwenda kuzunguka, kwa hiyo dawa yake ni kuitia alama njia pale inapotoka, ili upande wa pili ukiiona alama useme wewe nakujua, huingii, basi, hakuna njia ya kudumu wala nini, na nikaziacha shuka uani nikampigia, akaja bado ana sabuni ya kunyolea shavuni, sabuni, alikuja na teksi ana sabuni, nikamwonyesha, nikaiandika kwenye ruta, tukatuma ujumbe Rotuma na majibu yakarudi, yakarudi, yakarudi, akanikumbatia akanizungusha, akasema, "Dada, sema tena, polepole, kuanzia mwanzo," akashika simu yake mbele ya uso wangu akarekodi, "niwafundishie wanagenzi," na mimi nikasema tena, polepole, nikapanga sauti vizuri hata, nikarekebisha ushungi... hakuwa na jibu, hakuwa na jibu, ee Roshila, ee mjinga wewe, hakulificha, hakuwa nalo, walimuuzia maswali bila majibu au walimuuzia majibu ya uongo, akayaleta yakiwa mabichi kwangu nimpikie, na la hospitali nilimpikia, na la mkwe na mkamwana nilimpikia, kila moja akarekodi, sema tena dada, polepole dada, na kila nilipomaliza akasema, "Umenizidi kidogo tu leo," kidogo tu, akajua namna ya kulisema ili nione kwamba siku nyingine zote yeye ndiye aliyenizidi.

"Choo kiko kulia mkitoka," anasema Glenys, "mkitaka kwenda inueni mkono nije, saa ya mtihani haitasimama kwa ajili hiyo," na kijana wa Auckland anatikisa kichwa kukubali, hasikilizi, amezama, midomo yake inacheza, namwonea wivu, namwonea wivu mpaka nasikia uchungu kwenye meno, kwa sababu yeye akifeli leo amefeli na akifaulu amefaulu, na mimi... Machi ya mwaka jana Ravneel alikuja humu, labda kiti hiki, aliniambia nafasi imepatikana moja tu, nikasema basi niende mimi, si tulikubaliana, akashusha macho akasema, "Dada, kwa mapenzi tu nakwambia, bado kidogo, ile ya Rotuma ulichelewa sana," nilichelewa, nilichelewa kumletea, na nikaona haya, nikamwambia nenda wewe mdogo wangu, ufungue njia, nikampikia roti za safari na achari ya maembe ya mama, nikamwombea, akaenda, akarudi bingwa, mara moja tu, mtihani ambao watu wanaurudia mpaka wanazeeka, ofisi ikachinja mbuzi, wakapika kari, grogi, ile pombe yetu ya mizizi, ikakandwa ndani ya beseni mpaka Filimone akaanza kuimba, Ravneel akasimama na bakuli mkononi akasema, "Kila ninachokijua nimefundishwa na dada yangu Roshila," na watu wakanigeukia wakanipigia makofi, na mimi nikajifuta machozi kwa ncha ya sari, nikaona duniani kuna watu wenye shukrani, na alikuwa anasema kweli, mbwa yule, mbele ya watu wote alisema kweli tupu na akajua hakuna hata mmoja atakayeisikia, na juu ya yote ni mimi niliyepita na sinia la pipi nikiwalisha wageni kwa furaha ya ushindi wake... kisha zamu yangu, lile umbo la ngazi, nikakosa kidogo tu, nikatoka humu nimejiinamia, nikampigia, na hakusema pole, hakusema umekula, alisema, "Limekuja lipi? Lina umbo gani?" nikamwambia si tumekula kiapo hatusemi, siruhusiwi, akafoka, hajawahi kunifokea, "Wewe na kanuni zako dada, mtakatifu peke yako Fiji nzima," halafu akacheka, akasema natania, pole, njoo nyumbani, na mimi nikakuweka kule kufoka mahali, nikasema ni uchungu wa ndugu.

Akawa mhandisi mkuu, akapewa chumba cha vioo, mbele ya watu nikamwita bosi na tukiwa wawili Ravneel, na mkutanoni wakigawa kazi za visiwa nikasema Rotuma nipeni mimi, akamgeukia Filimone kwa upole kabisa, kama mtu anayemfunika mgonjwa blanketi, akasema, "Dada ni mzuri sana kwa kazi za kila siku, ila wepesi wa kufikiri ndio bado, tusimchoshe," na mzee akanitazama kwa huruma, huruma ile nimetembea nayo mwaka mzima, nimeiamini, hapo ndipo penyewe, si cheo, si Rotuma, ni kwamba nimeiamini, nimejitazama mwaka mzima kama mtu mzito wa akili, nikimsaidia mtoto wangu hesabu namwambia muulize mjomba wako Ravneel, mama yako hana kichwa hicho, nimemwambia hivyo mtoto wangu wa kike, kwa mdomo wangu... na alipozaliwa mtoto wake, siku ya sita, Shayal mkewe akanikabidhi kichanga niwe shangazi mtu, nikampaka wanja machoni kwa kidole changu hiki, nikamchagulia jina, Ravneel amesimama mlangoni analia, na yale machozi yalikuwa ya kweli, naapa yalikuwa ya kweli, na hiyo ndiyo inayonishinda, ningempata mnafiki wa moja kwa moja ningemtema nikaendelea na kazi, lakini yule mtu ananipenda, ananipenda na aliniibia, siku zile zile, kwa mikono ile ile... sikilizeni, hebu sikiliza Roshila, lakini majibu ni yako, si unaona, hakuna mtu aliyekupa jibu, ulilipata chini ya shuka mbichi, liko kichwani mwako kwa haki, watakaouliza unalijua au hulijui utasema nalijua na utakuwa husemi uongo, maswali yaliibwa lakini hukuyaiba wewe, hukujua, andika tu, vidole vinajua, kabla ya chakula cha mchana utakuwa umemaliza na kazi ya visiwa itakuwa yako na Filimone ataondoa yale macho yake ya huruma usoni kwako, na Machi, humu ndani, aliyefaulu ni wewe, jina lilikuwa lake lakini aliyefaulu ni wewe, kwa hiyo leo unachukua kilicho chako tu, andika... lakini nimeshabonyeza, dakika hii hii kabla mchoro haujafunguka waliniuliza, nathibitisha kwamba maswali ya mtihani huu sijapata kuyaona, nikabonyeza ndiyo, na nilipobonyeza ilikuwa kweli, ndivyo nilivyojua, na sasa kila sekunde ninayokaa kimya ile ndiyo yangu inaoza, inageuka uongo taratibu nikiitazama, na bado sijafanya kitu, mikono iko mapajani.

Na kwa nini alinipigania, hilo nalo, kwa nini, baada ya mimi kufeli Filimone alitaka kumpeleka mtu mwingine, akasema kampuni haiwezi kupeleka mtu mmoja kila mara, Ravneel akasimama, "Bila dada mimi sikubali, mpeni nafasi nyingine," akapiga meza kwa ajili yangu, nikaenda chooni nikalia kwa shukrani, na Jumamosi iliyofuata akaja akasema turudie yale yale, nikasema tutafute mapya, akasema hapana dada, yale yale, mpaka uyaote, na nikayaota, na sasa nauliza, alikuwa ananilipa, labda alikuwa ananilipa, labda usingizi ulimkataa na hii ndiyo namna aliyoiona ya kurudisha, au... au alitaka na mimi nile, nikishakula naye sahani moja nitasemaje, nikitoka humu bingwa kwa mchoro huu nitamfungulia nani mdomo, atakuja uwanja wa ndege wa Nadi na shada la maua, atanikumbatia mbele ya Arvin ataniuliza sikioni, ulicheka? na nitalazimika kucheka, na kila mwaka atanyosha mkono nimfunge uzi na tutatazamana, na katika kutazamana kule atakuwa amenishika, mimi na yeye kitu kimoja, kila nitakapotengeneza mtandao wa zahanati yoyote na mtu akasema bingwa huyo, nitamsikia anatafuna dengu nyuma yangu, na siku ile nitakapotaka kusema ataniuliza kwa upole, na wewe je dada... vyote viwili, ndiyo, alinipenda na akanifunga mdomo, hakuona tofauti, hajui kuna tofauti, na mimi niliyemwambia sijui wakati najua ili asiaibike nilimfundisha nini pale minarani, hapana, usijitwishe na hilo, hilo lake, mwachie mwenyewe, wewe ulimshikia ngazi tu.

Kijana wa Auckland ametabasamu, ameona kitu, uso umefunguka wote, ameuma kidole kuzuia kuguna, naijua furaha hiyo, mikono juu, vibanio mdomoni, asubuhi ile kabla sijapiga simu, kabla ya sabuni na teksi na rekodi, kulikuwa na dakika moja nilikuwa peke yangu uani nalijua jambo ambalo hakuna mtu Suva nzima aliyelijua, na dakika ile hakuna mtu aliyekuwa amekaa nyuma yangu, ile hakuiba, hakuijua, sikumsimulia, na mwenye dakika ile si mzito wa akili, si mzito hata kidogo, mwenye dakika ile akipewa umbo la ngazi tena, au la samaki, au la jinamizi lolote wanalotaka kulichora, atalikalia mpaka limfungukie, akifeli atafeli kama yule kijana, akiwa amejikunja juu ya kitu asichokijua... na nikimwambia Glenys kwamba maswali haya nimeshayaona, wataniuliza nimeyaonea wapi, bila shaka wataniuliza, na nikisema nimeyaona nyumbani kwangu wataniuliza nani aliyaleta, watachukua cheti chake, chumba cha vioo, Shayal ataniuliza shangazi gani wewe, mama yake ataniapiza kutoka Labasa, na wanaweza kunifukuza na mimi, wanaweza kusema usikanyage tena hapa maisha yako yote, mlikuwa wawili, nani ataamini kwamba mmoja alikuwa hajui, na Filimone, na zile zahanati, na Arvin aliyekula peke yake miaka yote hii, nitamwambia nini, nitamwambia nilikuwa nalijua jibu na nikaondoka, atauliza una njaa, namjua... siogopi kama nilivyotarajia, nasikitika, nasikitika kama mtu anayefunga nyumba aliyoizoea.

"Na kabla hatujaanza, jambo la mwisho," anasema Glenys akichukua kalamu, "chakula cha mchana kitaletwa humu humu, kuna yeyote asiyekula nyama ya ng'ombe?" na mkono wangu uko juu, sijui umepanda saa ngapi, umepanda peke yake, umenyooka, na Glenys ananihesabu kwa ncha ya kalamu, anatabasamu, "Mmoja, nimekuona mpenzi, asante, unaweza kushusha," na kijana wa Auckland ananitazama, na skrini bado ni ile ile, na saa ukutani bado haijaanza kuhesabu, na mimi mkono siushushi, nina la kumwambia.